Siku Ambayo Hukushika Sikio

Uvira, Jumapili, siku ya pili baada ya kuondoa matanga yako

Kashindi, rafiki yangu,

Usinicheke. Najua barua hii haina pa kupelekwa. Najua pia kwamba mtu anayezungumza na asiyekuwepo anatumia fani, na kwamba Mwalimu Yonasi alitufundisha jina lake tukalisahau wote wawili siku ileile. Basi leo natumia fani hiyo, nifanye nini kingine? Nimekaa kwenye meza uliyonitengenezea, ile yenye mguu mmoja mfupi, na kila nikifika mwisho wa mstari inayumba. Uliahidi kuja kukata mitatu iliyobaki ili yote ilingane. Hukuja.

Nianze na habari, maana weye ulipenda habari kuliko chakula. Waasi wamepanda milimani, askari wamerudi mjini, na masomo, shule yetu ileile, yamefunguliwa. Ukuta wa darasa la tano una matundu ya risasi, na watoto wanaingiza vidole humo wakati mimi nahesabu kaye zao, daftari zao za kuandikia. Mwalimu Yonasi amerudi kufundisha. Anaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, mistari yake inapanda juu halafu inashuka, na hakuna mtoto anayethubutu kucheka. Samaki wadogo, ndagala, ni wengi mwezi huu, mchanga wote wa ufukweni umefunikwa nao, harufu inaingia mpaka kanisani. Randa yako iko kwa mama yako, imefungwa katika kitambaa. Hataki mtu aiguse.

Na weye umekufa. Nimeliandika hivyo makusudi. Watu wote hapa wanasema umelala, umetutoka, umeitwa, na mimi nimechoka na maneno ya kufunika mdomo. Umekufa, Kashindi, na kwa miezi yote hii nimeamini kwamba ni mimi niliyekuua, kwa kalamu, nikiwa nimekaa kwenye meza hii uliyoipiga randa mwenyewe. Hilo ndilo ninalokuandikia. Mengine yote ni ya kuchelewesha.

Unakumbuka mchezo wetu ulivyoanza? Ulikuwa mwaka ule kabla ya uhuru, Mwalimu Yonasi alipotuletea somo la fani za maneno. Wenzetu walisinzia. Sisi tulikuwa tumepata wazimu mpya. Jumapili yake mchungaji akahubiri, na kila aliporudia neno moja mara tatu, weye ukashika sikio. Mimi nikaelewa papo hapo, wala hatukuwa tumepatana chochote. Kufikia mwisho wa mwezi tulikuwa na ishara zote: sikio kwa takriri, pua kwa istiara, shingo kwa swali ambalo msemaji hataki lijibiwe, na kiganja mdomoni kwa tafsida, pale mtu anapolifunika jambo baya kwa neno zuri. Mama yako akadhani umepata upele, akakupaka mafuta ya mawese mpaka shingoni. Ulikwenda masomo unang'aa.

Na siku yenyewe ya uhuru! Uwanja wa mupira ulijaa mpaka watu wakapanda miti, na yule bwana wa siasa kutoka mji mkuu akasimama juu ya meza. Aka! Aliuliza maswali ishirini bila kungoja jibu hata moja. Weye ulijikuna shingo mpaka ikawa nyekundu, na mimi nikauma mkono wa shati nisicheke. Mwalimu Yonasi alikuwa nyuma yetu, ametuona tangu mwanzo. Nilidhani atatuchapa. Akatuambia taratibu tu, "Vizuri. Anayeziona hizo hatadanganywa na mtu mwenye kinywa kitamu." Tulirudi nyumbani tumevimba vichwa. Tulimwamini kabisa.

Miaka minne baadaye Mwalimu mwenyewe alipigwa. Askari waliopita hapa walimkuta mlangoni pa darasa, wakasema anafundisha watoto siasa, wakamvunja mkono wa kuume kwa kitako cha bunduki, watoto wakitazama. Ni weye uliyetengeneza machela kwa mbao za madawati. Ni weye uliyeshika upande wa mbele njia yote ya Lemera, kilima baada ya kilima, mpaka hospitali, na uliporudi mabega yako yalikuwa yamechubuka. Mimi sikwenda. Nilisema nimebaki kuchunga masomo, yaliyokuwa yamefungwa. Hukuniuliza kitu.

Kisha waasi wakaja. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye donda langu.

Komanda wao alikuja masomoni siku ya Jumatano. Alikuwa kijana tu, labda ametuzidi miaka miwili. Alitaka mtu wa kumwandikia hotuba, kwa sababu Jumamosi angeongea na vijana wote wa kando ya ziwa, na alisema mwenyewe kwamba yeye akisimama mbele ya watu maneno yanamkimbia. Alikuwa na bunduki, ndiyo. Aliiegemeza ukutani akanipa kaye mpya na biki ya kuandikia. Watu wakiniuliza kesho nitasema niliandika kwa kuogopa bunduki, na wataniamini wote. Weye sitakudanganya. Niliogopa labda muda wa kuvuta kiti. Baada ya hapo niliandika kwa furaha. Kashindi, nilifurahi! Tangu tutoke masomo hakuna mtu aliyekuwa amenitaka niandike kitu zaidi ya orodha ya majina ya watoto.

Nikaweka kila kitu. Nikaanza chini, kwa sauti ya mtu anayesalimia, nikapanda ngazi kwa ngazi. "Nani alilima barabara hii? Nani alibeba mawe yake? Nani leo anakatazwa kupita?" Nikalipa ziwa macho, nikasema linatutazama tulivyokaa. Nikamtaja mama wa kila mtu pale mwishoni, mahali ambapo koo la msikilizaji limeshakaza. Na nilipofika kwenye kifo, maana hotuba ya vita lazima ifike pale, nikaandika "kwenda mlimani". Sikuandika kufa hata mara moja. Niliisoma kwa sauti peke yangu darasani, nikajipigia makofi. Mungu anisamehe, nilijipigia makofi kweli.

Jumamosi nilikaa pembeni, na weye ulikuwa mbele, katika benchi la pili, nakuona vizuri kabisa. Komanda akafungua kaye. Nikasema moyoni, sasa Kashindi atashika sikio, atageuka kunitafuta, atajua. Nilikuwa nimeandika nusu ya mambo yale kwa ajili yako, ukitaka kujua ukweli wote. Akauliza, "Nani alilima barabara hii?" Hukugusa shingo. Akarudia, akarudia, hukugusa sikio. Ziwa likatutazama, na pua yako haikuguswa. Ulikaa wima, mikono siioni, unamwangalia mtu yule usoni.  Kisha Komanda akaongeza la kwake mwenyewe mwishoni, kwamba tukipewa dawa risasi zitageuka maji, na watu wakaruka wakipiga kelele, "Maji! Maji!" Unajua mimi niliwaza nini saa ile? Nilikasirika kwamba ameniharibia mwisho wangu. Watu wanaandikisha majina ya kwenda kufa, mimi nahuzunikia mwisho wa hotuba!

Ukasimama ukaenda kuandikisha jina. Ulikuwa wa tatu.

Ningeweza kukukimbilia. Mahali penyewe hapafiki hatua mia. Ningekuambia, we Kashindi weye, rudi, ni mimi, ni mchezo wetu tu, hukuona? Nilibaki nimekaa. Nilijiambia utakuja kuniaga na hapo nitakuambia yote. Asubuhi yake nikasikia mmeondoka kabla jua halijatoka vizuri.

Habari ililetwa na mwenzako wa njiani, yule mchungaji wa ng'ombe wa Rurambo mwenye kovu kidevuni. Alifika kwa mama yako akakaa chini, akakataa maji, akasema mlikuwa mnashuka kwenye njia nyembamba, risasi zikatoka ng'ambo, ukaanguka, wakakimbia. Hawakurudi kukuzika. Aliomba msamaha kwa hilo mara nyingi sana. Mama yako akamwambia anywe maji kwanza.

Wazee wakasema mtu asiye na maiti azikiwe mgomba badala ya mwili wake, kama ilivyo desturi. Tukaukata nyuma ya nyumba yenu, wa kimo chako, tukauvisha shati lako la Jumapili, tukaubeba. Nilikuwa upande wa mbele safari hii. Ulikuwa mzito, unavuja maji, ukinilowesha bega. Na tulipouteremsha shimoni, watu wanalia, dada zako wameshikwa wasianguke, nikahisi mkono wangu uko juu ya pua. Sikuuagiza. Kitu kimesimama mahali pa kitu kingine, na mkono ukaenda wenyewe, kwa mazoea ya miaka. Nikautoa haraka kama mtu aliyechomwa moto. Nilijichukia siku ile, Kashindi, sijui nikuelezeje.

Ndiyo maana niliamua kwamba kabla ya kuondoa matanga lazima mama yako ajue. Wazee walikuwa wamenichagua niseme juu yako mbele ya watu, eti mimi ni mwalimu na ni rafiki yako. Nitasimamaje? Nitamsifu vipi marehemu niliyemtoa nyumbani kwao kwa maneno yangu mwenyewe? Nilijua akisikia atanifukuza uani kwake, na kwamba nikifukuzwa pale sina tena kwetu kwingine, maana mama yangu unajua nilimzika nikiwa mdogo, na sombe la mama yako, mboga yake ya majani ya muhogo, ndilo lililonikuza.

Nilimkuta Alhamisi mchana, anamenya mihogo ya watu wa matanga. Nilikuwa nimejitayarisha njiani, nimepanga la kwanza na la pili. Yote yakapotea. Nikasema, "Mama, ile hotuba ya Komanda niliiandika mimi. Kashindi alikwenda kwa maneno yangu. Amekufa kwa maneno yangu." Basi. Sijawahi kusema kitu kifupi hivyo maishani.

Hakuinua kichwa. Alimaliza muhogo aliokuwa nao mkononi, akautia katika beseni. Akasema, "Minye najua."

Nikadhani sikusikia vizuri. Akasema tena kwamba anajua, kwamba ulimwambia mwenyewe asubuhi ile ukifunga mzigo wako. Na ulikuwa unacheka! Akanisimulia yote bila haraka, kisu kikienda. Kwamba ulizijua fani zangu tangu swali la kwanza. Kwamba uliikalia mikono yako miwili, uliikalia kabisa chini ya mapaja mpaka ikafa ganzi, kwa sababu ungeshika sikio mimi ningecheka, na unanijua nikianza kucheka sikomi, na pale mbele kulikuwa na bunduki. Ulisema, "Mama, angetuua yule, na kicheko chake."

Kashindi.

Nimeweka kalamu chini. Meza imetulia.

Miezi yote nimekuona kwenye benchi lile, wima, mikono haionekani, nikasema basi, nimemroga. Kumbe ulikuwa unanichunga. Mimi nilikuwa nangoja unisifu, weye ulikuwa unahesabu bunduki.

Nikamwuliza mama, kama alijua ni ufundi tu, sasa alikwenda kwa nini? Akasema hata yeye alikuuliza hivyohivyo. Na ukamjibu, "Mama, ufundi ni wa mwenzangu. Lakini Mwalimu iko na mukono ya kuvunjika kweli." Ukambusu, ukachukua mzigo.

Nikaanza kulia pale, kwa sauti, nimeshika magoti. Nadhani nilitaka aniwekee mkono kichwani aniambie, basi, si kosa lako, mwanangu. Weye unamjua mama yako. Alinitazama mpaka nikanyamaza. Akasema, "Weye uliandika, uliandika. Ulijivuna, najua ulijivuna, nilikulea. Wengine walioandikisha majina hawakujua michezo yenu. Mama zao pia wako na matanga. Hiyo ni yako, utaibeba. Sasa shika kisu, watu watakula nini kesho?" Nikashika kisu. Tukamenya mpaka beseni zote mbili zikajaa. Nilikata kidole, akanifunga kwa kipande cha kitenge chake, bado ninacho.

Sikujua kama nimesamehewa. Mpaka sasa sijui, na nimeacha kuuliza. Mzigo nilioubeba kwa ajili yako ameushusha, akanitwika wa wale wengine, ambao sikuwa hata nimeuona. Wavulana wawili waliosimama kabla yako na wote waliofuata. Hao hawakuwa na rafiki wa kuwafundisha kushika sikio.

Basi Ijumaa ikafika. Watu walikwishanyoa, walikwishakwenda ziwani kuoga, wamerudi na nguo safi, wameketi uani. Mwalimu Yonasi alikaa mbele, mkono wake mbovu juu ya paja. Mama yako pembeni yake, kichwa kimenyolewa, mdogo kuliko nilivyokuwa nikimwona. Mimi nilikuwa nimeapa: leo hakuna fani. Hakuna ngazi, hakuna ziwa lenye macho, hakuna swali. Nitasema mambo yalivyokuwa nikae.

Nikasimama. Nikasema, "Kashindi alikuwa seremala. Kashindi alitengeneza madawati ya watoto wenu. Kashindi alimbeba Mwalimu mpaka Lemera. Kashindi alikula sombe langu kila nikigeuka."

Watu wakaguna, wengine wakacheka kidogo kwa machozi. Nami nilikuwa najiambia, vizuri, unasema wazi kabisa, endelea. Nikamtazama mama yako.

Alikuwa ameshika sikio.

Mama yako, Kashindi! Asiyejua herufi hata moja! Ameketi pale na kichwa chake kilichonyolewa, machozi yanamtiririka, na vidole viwili vimeshika ncha ya sikio la kuume, vilevile ulivyokuwa ukifanya weye. Kumbe ulimfundisha. Kumbe miaka yote ile alikuwa anacheza nasi kanisani, kutoka upande wa wanawake, na mimi sikuwahi kugeuka kumtazama. Na alikuwa amenikamata. Nilikuwa nimerudia jina lako mara nne bila kujua.

Nikafungua mdomo niendelee. Kikatoka kicheko. Nilicheka mbele ya matanga yako, rafiki yangu, nikalia, nikacheka, mpaka wazee wakanishika mikono wakanikalisha, wakisema huzuni imemzidi, mleteeni maji. Mwalimu Yonasi akaelewa, akainamisha uso. Hotuba haikuisha. Ni hayo manne tu niliyosema juu yako, na mama yako amesema yanatosha.

Sasa nimefika mwisho na sina namna nzuri ya kuumaliza. Kesho darasa la tano wana somo la fani. Nitawafundisha zote, na ishara zake, wavulana na wasichana, mpaka wazijue usingizini. Na wakishashika sikio sitawaambia alivyotuambia Mwalimu, kwamba basi hawadanganyiki tena. Nitawaambia waulize jambo la pili, lile uliloliuliza weye ukiwa umekalia mikono: na mkono wa mtu umevunjika kweli, au haukuvunjika? Na mimi nikiombwa tena kuandika maneno ya kuwasimamisha watu, kifo nitakiita kifo. Hilo nakuahidi weye na wale wavulana wengine, ambao majina yao nimeanza kuyatafuta nyumba kwa nyumba. Nimepata mawili.

Miguu mitatu ya meza sitaikata. Ule mfupi nimeuwekea kipande cha kaye, meza inayumba kidogo tu.

Kwa heri, Kashindi. Kwa heri, seremala wangu. Kwa heri.

Ndiyo, najua. Ni mara tatu. Shika sikio, sasa hakuna bunduki.

Ni mimi mwenzako wa benchi la nyuma darasani